Mikebe Kumi na Miwili, Mipira Kumi na Mmoja

Siku ya hitima ya arobaini ya mume wangu, pilau ilibaki masufuria mawili mazima. Kwetu mgeni wa hitima hatoki mikono mitupu, hata kama hitima yenyewe inasomwa Edmonton, hapa London, na nje kunanyesha mvua ya barafu. Wanawake jikoni wakawa wanapiga kelele: "Vyombo! Vyombo vya kuwafungia watu viko wapi?" Mimi nilikuwa sebuleni, nimekaa eda, kichwa kinaniuma, maneno yanaingia sikio hili yanatokea lile. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaniinamia akaniuliza jambo. Nikamjibu. Nilimjibu nini, Mungu ndiye ajuaye.

Wageni walipokwisha kutoka, nikapanda juu nikajilaze. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Sakafuni niliona beseni langu la kufulia, lile la buluu, limejaa mipira. Mipira ya besiboli, mikuukuu, imelundikwa kama viazi vinavyongoja kumenywa. Rafu ya mume wangu ilikuwa tupu kabisa. Ile mikebe ya plastiki ya aiskrimu aliyokuwa akiwekea mipira yake, kila mpira na mkebe wake, kila mkebe na kifuniko alichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene ya wino usiotoka, haikuwepo. Ilikuwa imeoshwa, imejazwa pilau, na muda huo ilikuwa ndani ya mabasi na treni inakwenda Wembley, inakwenda Woolwich, inakwenda kila pembe ya London kwenye Mswahili.

Nilishuka ngazi natweta. "Nani kaingia chumba cha nyuma?"

"Mimi," wifi akasema, mikono yake ina povu la sabuni. "Si nilikuuliza? Nikakuambia, wifi, kuna mikebe kule juu, tuichukue? Ukasema ichukueni."

"Mimi nimesema?"

"Wewe. Na mkono ukaunyosha."

Sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki, wallahi, na si kwamba najitetea.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi hapa London kwa miaka mingi, na kabla ya hapo alikuwa karani wa bandari kule Kilindini. Watu walikuwa wakiniuliza, mumeo Mswahili wa Mombasa, anakusanya mipira ya besiboli ya nini? Hapa kwenyewe mchezo huo hawauchezi, wao wana kriketi yao ya kukaa juani siku nzima. Lakini yeye kila Jumapili asubuhi alivaa kofia akaenda kwenye yale masoko ya uwanjani, watu wanafungua buti za magari na kuuza vikorokoro vya bibi zao, akarudi mchana na mpira mmoja ndani ya mfuko wa karatasi. Au akarudi na mikono mitupu, amenuna.

"Mzee mzima," nilikuwa namwambia, "unanunua mipira ya kuchezea!"

"Ina historia hii."

"Historia inaliwa?"

Alikuwa anacheka tu. Alikuwa akipanda juu, akifunga mlango, na baadaye namsikia akikwaruza kifuniko kwa kalamu yake. Sikuwahi kusoma alichoandika. Nilikuwa napangusa vumbi kila Ijumaa, mikebe sita juu na sita chini, na macho yangu yakapita juu ya maandishi yale bila kujali. Ule ulevi wa mipira ulimwanza mwaka tuliohama kutoka kwenye ghorofa ya tisa tukaja kwenye nyumba hii, nami nikasema ni kwa sababu sasa ana chumba cha kuuwekea.

Lakini kulikuwa na mpira mmoja ambao mimi mwenyewe nilikuwa na haki nao.

Nilikuwa msichana, namsaidia mama kukaanga viazi karai na bajia karibu na uwanja mmoja nyuma ya bandari. Manowari ya Wamarekani ilikuwa imetia nanga, na mabaharia wakashuka na magongo yao na glovu zao kuja kucheza. Mmoja akaupiga mpira ukapanda juu mpaka ukapotea machoni. Uliposhuka ulishukia kwenye karai la mama. Cho! Mafuta yakaruka, yakanipata hapa kwenye kifundo cha mkono, alama ipo, kama punje ya kunde. Mama aliwaporomoshea matusi hajabakisha ukoo. Mijitu mikubwa ile ikasimama, kofia mikononi, haielewi hata neno moja. Ndipo karani mmoja kijana aliyekuwa akiwatafsiria akaja, akachukua mwiko wa matundu, akauopoa ule mpira kama anaopoa bajia, akaniuliza, "Umeumia?"

Kesho yake alirudi na marhamu. Keshokutwa alirudi bila marhamu.

Wale Wamarekani hawakuutaka mpira wao, umeshaiva. Akabaki nao yeye. Aliponitangulia kuja London alikuja nao mfukoni mwa koti, na nilipomfuata ndicho kitu cha kwanza alichonionyesha, kabla hata ya kunionyesha choo kilipo. Ulikuwa mweusi tititi na ukiunusa unasikia bajia. Miaka ikapita, mipira ikawa mingi, nami mara moja moja nilikuwa namuuliza, "Na ule wa kwetu je, upo?"

"Upo," alikuwa ananijibu.

Basi. Sikuuliza zaidi.

Sheikh aliyekuja kutusaidia mambo ya mirathi alisema kila alichoacha marehemu kithaminiwe, hata kijiko. Mungu alitujalia binti mmoja tu, kwa hivyo wifi naye ana fungu lake. Mimi nikasema mbele ya wote: mipira uzeni, gawaneni, sina haja nayo. Ila ule wa Kilindini nautaka mimi, uingizwe kwenye fungu langu, kwa bei yoyote watakayoitaja. Hakuna aliyepinga.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, akaitia mipira kwenye begi, akampelekea bwana mmoja anayethamini vitu vya kale vya michezo. Alirudi jioni uso umemchanganyika.

Bwana yule aliipanga mezani, akaikagua mmoja mmoja kwa miwani ya kukuzia. Mingi, akasema, ni mizee tu, haina maajabu. Lakini mmoja ngozi yake ilikuwa kipande kimoja, imeshonwa mishono inayopishana juu kama chungwa lililochanwa tayari kwa kumenywa, na mipira ya namna hiyo iliacha kushonwa zamani za babu za babu. Huo, ikijulikana ulitoka wapi na ulipitia mikono ya nani, una fedha nzuri. Isipojulikana, ni ngozi na uzi.

"Kwa hivyo hanunui mpira, ananunua maneno?" nikauliza.

"Mama, ni vyote viwili." Akashusha pumzi. "Na Baba aliyaandika maneno yote. Kwenye vifuniko."

"Vifuniko vya pilau," nikasema.

Tukaanza kupiga simu. Hapo ndipo desturi yetu iliponikaba koo. Hakuna mwanamke wa Pwani anayerudisha chombo cha mtu kitupu. Atakingoja mpaka apike kitu cha kukitilia, hata kama ni wiki sita. Nilimpigia mmoja Wembley, nikamwambia niletee mkebe wangu leo hii. "Nitakuletea, dada, wacha Jumamosi nichome mkate wa sinia." Nikamwambia, "Niletee mtupu! Nasema mtupu!" Nikamsikia akimnong'oneza mumewe kwamba maskini, msiba umenipanda kichwani.

Basi mikebe ikawa inarudi mmoja mmoja kwa wakati wake. Mmoja na kaimati, mmoja na visheti, mmoja na katlesi za samaki. Nyumba ikajaa vyakula na mimi sina hamu hata ya maji. Nilikuwa navimwaga kwenye sahani bila hata kuvitazama, nakimbilia kifuniko, navaa miwani.

Cha kwanza: "Soko la Jumapili. Aliyeuza asema babu yake alipewa na askari wa Kimarekani wakati wa vita. Mishono miwili imekatika. Sio ule."

Cha pili: "Duka la hisani, Woolwich. Ulikuwa ndani ya sanduku la midoli. Mwepesi. Sio ule."

Cha tatu: "Duka la hisani, Wembley. Mweusi! Nimeunusa. Sio ule."

"Ule upi?" nikamuuliza binti yangu.

"Mimi nitajuaje, Mama?"

Vikaja cha nne, cha tano, cha sita. Kila kimoja kina mambo yake, mahali, hali ya hewa hata, na kila kimoja kinamalizikia palepale. Sio ule. Sio ule. Binti akamweleza yule bwana mthamini, na yule bwana macho yakamng'aa. Labda, akasema, marehemu alikuwa akiufuatilia mpira fulani mahsusi, wa bei kubwa, wenye habari zake. Je, hakuacha daftari? Hakuacha barua? Nikasema mume wangu alikuwa dereva wa basi, hakuwa mpelelezi. Lakini usingizi ulinipaa. Mtu unaishi naye, unamfulia, unajua hata anavyokohoa, kumbe anatafuta kitu na wewe hujui ni kitu gani.

Na kuoanisha mipira na vifuniko nako kulikuwa balaa. "Mweupe, mishono myekundu." Haya, niambieni, upi si mweupe wenye mishono myekundu? Tulikaa sebuleni, mimi na binti, mipira kwenye mkeka, vifuniko vimepangwa kama karata, tunabishana. Yeye anapima uzito kwenye mizani yangu ya unga. Mimi nanusa. Ule wa ngozi kipande kimoja ulijitambulisha wenyewe, kifuniko chake kilisema "umeshonwa kama chungwa", na mwanamke aliyeuuza alikuwa amesimulia habari ndefu ya sanduku la mjomba wake. Wifi alipewa habari kwa simu, akafurahi. Huo ulipata bei.

Lakini mimi nilikuwa naunusa kila mmoja, na hakuna uliokuwa na harufu ya bajia.

Vifuniko vikafika kumi na kimoja. Mipira ilikuwa kumi na mmoja. Na mimi niliyepangusa ile rafu kila Ijumaa najua mikebe ilikuwa sita na sita. Kumi na miwili. Kwa hivyo mpira mmoja haupo, na usiokuwepo ndio ule ninaoutaka. Nani aliyeimimina mipira kwenye beseni? Nani aliyekuwa peke yake chumbani mle? Hasira zikanipanda, na mimi zikinipanda sina breki. Nikampigia wifi.

"Mpira wa Kilindini umeupeleka wapi?"

"Mpira gani?"

"Usinizuge. Mipira kumi na miwili, nimekuta kumi na mmoja. Umesikia ule una bei ndiyo ukajua na huu utakuwa nayo?"

Akasema polepole, "Wifi, mkebe mmoja ulikuwa mtupu. Huo ndio nilioanza nao."

"Mtupu! Mume wangu aweke mkebe mtupu kwenye rafu, auandike na kifuniko, ana wazimu?"

"Sikusoma kilichoandikwa. Nilikuwa nafunga chakula cha watu kwenye hitima ya ndugu yangu." Sauti yake ikakatika. "Umeniita mwizi, wifi. Mimi."

Akakata simu. Huyu ndiye aliyenivisha nguo nyeupe za eda kwa mikono yake, aliyenilisha uji kwa kijiko siku nilipokataa kula. Hakuja tena. Nami nikajiambia hasira za mwizi ndizo hizo. Lo, mdomo wangu huu.

Mkebe wa kumi na mbili ulikuwa kwa bibi mmoja wa Woolwich, ambaye kila nikimpigia ananiambia ngoja kidogo. Eda ilipokwisha, nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, na kesho yake nikapanda treni mwenyewe, nikabadilisha mabasi mawili, nikavuka soko mpaka mlangoni kwake. Aliponiona alishika shavu.

"Yarabi, umekuja mwenyewe! Nilikuwa nangoja nikutilie kitu."

"Nimekuja kwa kifuniko tu, bibi yangu."

Hakutaka kusikia. Mkebe alikuwa ameutia unga wa dengu, basi akasema unga huohuo ndio atanikaangia bajia, nikae. Akabandika karai. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Akanipa kifuniko mkononi, akageukia mafuta yake.

Mwandiko ulikuwa uleule, ila umebanana, kama wa mtu anayeandika huku anasikiliza hatua za mtu ngazini.

"Mahali pa ule wa Kilindini. Ulikwenda ndani ya koti la kahawia mwaka tuliohama. Hajui. Asijue."

Mafuta yakalia, harufu ikanijia, na lile koti likanijia nalo. Koti la kahawia alilokuja nalo kutoka Mombasa, zito, limechakaa viwiko, limetoka nyuzi. Tulikuwa tunahama, na mimi nikihama nageuka kimbunga. Nilijaza mifuko minane ya nguo nikaipeleka kwenye duka la hisani, yale maduka ambayo watu hutoa vitu vyao kuukuu bure vikauzwe kwa ajili ya wagonjwa. Nilijisifu kutwa. Jioni akaniuliza, "Lile koti langu la kahawia umeliona?" Nikamwambia, "Lile gunia? Nimelitoa sadaka, na wewe ushukuru sikukutoa na wewe." Alisimama pale jikoni, birika mkononi. Akasema, "Haya." Akanitilia chai.

Jumapili ile ndipo alipoanza kwenda sokoni.

Miaka yote hiyo. Nami namcheka, namwambia mzee mzima. Na nikimuuliza kama ule wa kwetu upo, anasema upo. Wapi, hakusema. Bado sielewi. Kama alijua sio ule, aliununua wa nini? Au hakuweza kujua mpaka aufikishe nyumbani, afunge mlango, aunuse vizuri? Na kwa nini hakunigombeza? Mimi ningegombeza mwaka mzima. Ningemkumbusha kila Idi.

"Unalia moshi?" yule bibi akaniuliza.

"Moshi," nikasema.

Sikurudi Edmonton. Nilikwenda Wembley, anakokaa wifi, nikiwa na mkebe wa bajia bado moto, nikagonga mlangoni kwake. Alifungua mlango nusu. Nikampa mkebe, kifuniko juu. Akakisoma. Akakisoma tena, midomo inacheza.

"Kwa hivyo sikuupoteza mimi," akasema.

"Hukuupoteza wewe."

"Nani basi?"

"Mimi."

Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri, nilisema tu nisamehe, wifi, nilikutukana, na yeye akasema umenitukana kweli. Kisha akafungua mlango wote. Tulizila zile bajia tumesimama jikoni kwake, hatujavua hata viatu.

Sheikh aliporudi kugawa, mipira kumi na mmoja ikawekwa mezani na vifuniko vyake, na bei za yule bwana. Akaniuliza, "Na wewe mama, ule uliosema unautaka ni upi?" Nikaweka mbele yake mkebe mtupu.

"Huu hauna kitu," akasema.

"Ndio huo."

"Mama, mkebe wa aiskrimu hauna thamani. Hauingii kwenye mirathi."

"Uingize, sheikh," wifi akasema kabla sijafungua mdomo. "Andika ni wake." Sheikh alitutazama sote wawili, akatikisa kichwa, akaandika.

Sasa nikipita mbele ya duka la hisani siwezi kupita moja kwa moja. Naingia, nakwenda upande wa nguo za wanaume, na kila koti la kahawia nalitia mkono mfukoni. Najua ni upuuzi. Miaka imepita mingi, na koti lile kama halijaoza limevaliwa na watu wangapi. Nimekuta leso, nimekuta tiketi za basi, mara moja meno ya bandia. Wiki iliyopita msichana mmoja wa dukani, alikuwa amenitazama muda mrefu, akanisogelea kwa upole akaniuliza natafuta saizi gani.

Nikamtajia ya mume wangu.